Mganda: Historia ya Bendi ya Vibuyu katika Mwambao wa Ziwa Nyasa

Mganda ni ngoma ya wanaume inayochezwa na Wanyasa wa mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi upande wa kaskazini hadi vijiji vya karibu na mpaka wa Msumbiji, na ambayo baadaye ilipanda milima ikapokelewa pia na Wamatengo wa Mbinga na Wangoni wa Songea. Eneo la mwambao lilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbinga hadi mwaka 2012, ilipoundwa wilaya ya Nyasa yenye makao makuu Mbamba Bay, na kwa sababu hiyo maandishi ya zamani huutaja Mganda kuwa ngoma ya Mbinga hata pale yanapozungumzia vijiji vya wavuvi. Kinachoutenga na ngoma jirani, kama Lizombe ya Wangoni au Kioda inayochezwa na wanawake wa Kinyasa, ni kwamba nguvu yake haiko katika maneno ya wimbo. Iko katika mvumo: vibuyu vya ukubwa mbalimbali vinavyopigwa kwa pamoja juu ya ngoma kubwa yenye mdundo mzito, hata msikilizaji asiyeielewa lugha ya wachezaji akatambua kwamba anasikia bendi yenye sauti kuu na sauti za kujibu. Wageni wengi wa zama za ukoloni waliuona Mganda kama mwigo wa bendi ya jeshi uliofanywa na watu wasio na vyombo vya jeshi, na dhana hiyo imeendelea kurudiwa, ingawa historia ya ngoma yenyewe haiiungi mkono.

Chimbuko la Mganda liko katika Beni, ngoma ya mashindano iliyozuka katika miji ya pwani ya Waswahili, hasa Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890. Wakati huo masikio ya watu wa pwani yalikwisha kuzoea matarumbeta: Sultani wa Zanzibar alikuwa na bendi yake, makazi ya watumwa walioachiliwa huru huko Freretown, Mombasa, yalikuwa na wapigaji waliofunzwa na wamisionari, na upande wa Wajerumani askari wa Dar es Salaam na wanafunzi wa shule ya serikali ya Tanga walipiga muziki wa gwaride mbele ya hadhara. Vijana wa mitaani walichukua mpangilio huo, yaani safu zilizonyooka, mavazi ya sare, vyeo vya kijeshi na ngoma ya kuongoza hatua, wakautia ndani ya desturi ya zamani zaidi ya mitaa miwili kushindana kwa ngoma, mavazi na karamu. Vyama vikuu vilikuwa Marini na Arinoti, na mwanahistoria Terence Ranger, aliyechapisha kitabu chake juu ya Beni mwaka 1975, alionyesha kwamba ushindani wa vyama hivyo ulisafiri pamoja na askari, makarani na wapagazi hadi miji ya bara iliyo mbali sana na bahari.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoufungulia muziki huo njia ya kusini. Katika mwambao wa Nyasa vita vilianza mapema kuliko karibu mahali pengine popote Afrika Mashariki, kwa sababu mwezi wa Agosti 1914 manowari ndogo ya Waingereza iliyoitwa Gwendolen ilivuka kutoka upande wa Nyasaland, yaani Malawi ya leo, ikaishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa ikifanyiwa matengenezo Sphinxhafen, bandari ambayo leo ni Liuli. Miaka miwili baadaye, Septemba 1916, majeshi ya Jenerali Northey wa Waingereza yaliingia Songea, na kuanzia hapo nchi yote kati ya ziwa na mto Ruvuma ikawa njia ya vikosi vya King's African Rifles, yaani jeshi la Kiafrika la Waingereza, pamoja na maelfu ya wapagazi waliobeba chakula na risasi vichwani. Mwaka 1918 von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, naye, akitoka Msumbiji, aliyapitisha mabaki ya jeshi lake katika nchi ya Ungoni kuelekea kaskazini. Waliorudi nyumbani wakiwa hai walirudi na kumbukumbu ya njaa na maradhi, lakini vilevile walirudi na masikio yaliyojaa filimbi za makapteni, ngoma za gwaride na bendi za kambini, na kumbukumbu hii ya pili ndiyo iliyogeuka kuwa mchezo.

Njia halisi ambayo Mganda ulipitia kufika vijiji vya Mbamba Bay na Liuli ni ya maji. Kabla ya barabara kuteremka kutoka Mbinga, mtu wa mwambao alikuwa karibu zaidi na kisiwa cha Likoma kuliko na Songea, kwani misheni ya Kianglikana ya UMCA ilikuwa na kituo chake kikuu Likoma tangu mwaka 1885, na meli zake, hasa Chauncy Maples iliyoanza kazi mwanzoni mwa karne ya 20, zilibeba walimu, wanafunzi, wagonjwa na barua kutoka pwani moja ya ziwa hadi nyingine. Mpaka wa kikoloni uliochorwa ndani ya maji haukuwazuia wavuvi wenye mitumbwi kwenda kuoa, kuzika ndugu au kucheza ngoma ng'ambo. Hivyo ngoma iliyoitwa Malipenga miongoni mwa Watonga na Watumbuka wa Malawi, na iliyojulikana kwa jina la Mganda katika sehemu nyingine za Malawi na mashariki mwa Zambia, ni ndugu wa damu wa Mganda wa mkoa wa Ruvuma, na hata Kalela, ngoma ya wafanyakazi wa migodi ya shaba iliyochunguzwa na J. Clyde Mitchell mwaka 1956, imo katika ukoo huohuo. Safari za kutafuta kazi ziliukaza ukoo huu: wanaume wa Songea na mwambao walikwenda katika mashamba ya mkonge ya Tanga, hasa baada ya mwaka 1944 ilipoanzishwa SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua wa mkonge, na wengine wakashika njia ya migodi ya Afrika Kusini. Kambi za manamba zilikuwa mahali pa kukutana kwa ngoma za makabila mengi, na aliyemaliza mkataba alirudi kijijini na hatua mpya, soksi ndefu na viatu vyeusi.

Jambo la kuzingatia ni kilichotokea kwa tarumbeta katika safari hiyo. Matarumbeta ya shaba yalikuwa ghali, yalihitaji fundi na mwalimu, na yalipatikana mijini na kambini tu, ilhali vibuyu huota karibu na kila nyumba ya mwambao, vikitumika kwa maji, kwa pombe na kwa mbegu. Fundi wa Mganda huchagua kibuyu chenye shingo ndefu, hukiacha kikauke mpaka ganda ligeuke gumu, hukata ncha zake, hutoa mbegu na utando wa ndani, kisha, akitaka chombo chenye sauti ya chini, huunganisha vipande kadhaa vya vibuyu kwa nta mpaka apate umbo refu lenye mdomo mpana. Ubavuni hutoboa tundu dogo, hulizungushia nta, na juu yake hubandika utando mwembamba, ambao kwa desturi hutokana na hariri nyeupe ambayo buibui hufungia mayai yake ukutani au chini ya paa. Mpigaji hapulizi kama apulizavyo mwenye tarumbeta. Huimba ndani ya kibuyu kwa sauti isiyo na maneno, na pumzi ya kuimba hutetemesha utando wa buibui, hata sauti ya mtu ikatoka imevaa mvumo mkali na mzito usiofanana tena na koo la binadamu.

Hapa ndipo dhana ya mwigo inapovunjika. Tarumbeta hutoa sauti iliyonyooka na kung'aa, iliyokusudiwa kuvuka uwanja wa gwaride. Kibuyu cha Mganda hutoa sauti yenye mikwaruzo, iliyonenepa kwa sababu utando unaotetemeka huongeza juu ya sauti ya msingi sauti nyingine nyingi ndogo za juu, ambazo sikio halizisikii moja moja bali huzipokea kama uzito. Wanyasa hawakuibuni ladha hiyo wakati wa vita. Ladha ya mvumo ni ya kale katika muziki wa sehemu hii ya Afrika: Wachopi wa Msumbiji hubandika utando chini ya mbao za marimba zao, na ilimba ya Wagogo wa Dodoma, ile ambayo marehemu Hukwe Zawose aliitembeza duniani, nayo huwekewa utando wa buibui kwenye tundu lake ili ndimi za chuma zisisikike kavu. Kwa hiyo bendi ya jeshi ilipofika ziwani ilikuta watu wenye hukumu yao wenyewe juu ya sauti nzuri ni ipi, nao wakachukua safu, sare, filimbi na vyeo, lakini sauti yenyewe wakaiacha kambini. Kama shaba ingekuwa rahisi kupatikana, huenda Mganda ungechukua umbo jingine, ila ni vigumu kuamini kwamba watu walioupenda mvumo kiasi hicho wangeridhika muda mrefu na tarumbeta safi.

Ulinganisho na dunia pana unasaidia kulielewa jambo hili, mradi usivutwe kupita kiasi. Katika nchi za Magharibi, wapigaji wa roki nzito, muziki wa magitaa ya umeme unaoitwa metali, waligundua kwamba kipaza sauti kikisukumwa kupita uwezo wake hukata ncha za mawimbi ya sauti na kuzaa mikwaruzo inayofanya gita moja lisikike kama ukuta. Kutoka humo ilizuka, hasa tangu miaka ya 1990, aina inayoitwa posti-metali, ambayo ilipunguza kasi, ikarefusha nyimbo na kuutumia uzito wa sauti kujenga hali ya moyo badala ya kusimulia hadithi. Baadhi ya bendi zake, kama Pelican iliyotoa albamu yake Australasia mwaka 2003 na Russian Circles iliyoanzishwa mwaka 2004, zote za Chicago, zilimwondoa mwimbaji na kuyaachia magitaa na ngoma karibu kazi yote. Hakuna uhusiano wa kihistoria kati ya Chicago na Lituhi katika suala hili. Hata hivyo watu wa pande zote mbili walifikia uamuzi unaofanana, kwamba sauti iliyochafuliwa kwa makusudi, ikirudiwa polepole na kwa wingi, inaweza kubeba kile ambacho maneno hayakibebi, na wa ziwani waliufikia bila waya wala umeme.

Chini ya vibuyu ipo ngoma kubwa, ambayo ndiyo mhimili wa bendi, ikipigwa kwa rungu lililofungwa kitambaa, na pembeni yake huwekwa ngoma ndogo zenye mlio mkavu zinazojaza nafasi kati ya pigo moja na jingine. Anayesikia mara ya kwanza hudhani kwamba anasikia gwaride, lakini akijaribu kutembea kwa kufuata ngoma kubwa peke yake hugundua kwamba vibuyu vinahesabu kwa namna nyingine, na kwamba miguu ya wachezaji wakati mwingine hufuata huku na wakati mwingine kule. Padri A. M. Jones, mmisionari wa Kianglikana nchini Zambia na mmoja wa watafiti wa mwanzo wa midundo ya Kiafrika, aliona jambo hilo kuwa zito vya kutosha kuliandikia makala maalumu juu ya ngoma ya Mganda, iliyochapishwa mwaka 1945 katika jarida la African Studies. Mara nyingi wimbo huanzishwa kwa maneno machache, pengine ya kusifu, pengine ya kumchoma mpinzani, kisha vibuyu huuchukua na kuurudia mara nyingi, na maneno yaliyotajwa mwanzoni huendelea kusikika kichwani mwa msikilizaji ingawa hakuna anayeyatamka. Wachezaji husogea kwa safu, taratibu, wakiinama na kuinuka pamoja, kila mmoja akiwa na kibuyu mkono mmoja na usinga au fimbo mkono wa pili, na mwenye filimbi ndiye anayeamua lini safu igeuke. Haraka haina nafasi katika Mganda, na timu inayokimbiza mdundo huonekana changa.

Mpangilio wa timu ulihifadhi vyeo vya jeshi, kama kapteni na sajini, lakini kazi za vyeo hivyo zilikuwa za kijamii. Kiongozi alisimamia nidhamu ya mazoezi, usafi wa kaptula na shati jeupe, adhabu ya mchelewaji, na zaidi ya yote ukarimu, kwa kuwa Mganda ni ngoma ya kualikana. Baada ya mavuno, mvua zikiisha, kijiji kimoja kilialika timu ya kijiji kingine, wageni wakaja kwa mitumbwi au kwa miguu kupitia njia za ufukweni, na wenyeji walipaswa kuwalisha kwa siku kadhaa: ugali wa mihogo, wali kwa waliojaliwa mpunga, na samaki wa ziwa, kuanzia usipa wa kuanikwa hadi mbasa wa kukaanga. Mwaka uliofuata deni lililipwa kwa mwaliko wa upande wa pili. Ushindi haukuhesabiwa kwa alama zilizoandikwa, uliamuliwa na umati, na umati wa mwambao ulikuwa na masikio makali kuhusu kibuyu kilichopasuka, sauti ya chini iliyopwaya na mchezaji ambaye soksi yake imeteremka.

Watawala hawakuziangalia ngoma hizi kwa jicho moja. Mara baada ya vita maofisa wa Kiingereza waliitilia shaka Beni katika Tanganyika nzima, kwa sababu vyama vilivyoweza kutumiana salamu na kuchangishana fedha kutoka mji mmoja hadi mwingine vilifanana machoni mwao na mtandao wa siasa, ingawa kwa kiasi kikubwa vilikuwa vyama vya kusaidiana na kutafuta heshima. Wamisionari wengi nao walichukia mikesha na pombe. Mganda ulinusurika kwa sehemu kwa sababu ya sura yake ya adabu: mtu aliyevaa shati jeupe, anayetembea kwa mstari na kutii filimbi, ilikuwa vigumu kumshutumu kuwa mshenzi, na pengine wachezaji walilijua hilo vizuri kuliko walivyodhani wakubwa.

Milimani historia yake ni fupi na tofauti kidogo. Wamatengo, wakulima wa ngoro, yaani mashimo yanayochimbwa kwa safu kwenye miteremko ili kuhifadhi udongo na maji, walianza kulima kahawa katika miaka ya 1920, na fedha ya kahawa iliwawezesha vijana kununua mavazi ambayo mvuvi wa Lundo, kule mwambaoni, aliyapata kwa kwenda mkonge. Mganda ulipofika kwao ulikaa pamoja na ngoma za asili za Kimatengo, ukachezwa katika sikukuu na sherehe za mavuno.

Baada ya uhuru serikali iliunda, mwaka 1962, wizara iliyoshughulikia utamaduni wa taifa na vijana, na ngoma za mikoani zikaanza kualikwa kwenye viwanja vya siasa, mbio za Mwenge na mashindano ya shule. Mwaliko huo uliupa Mganda hadhi mpya, lakini uliupunguza pia, kwa sababu ngoma iliyozoea kuchukua mchana kutwa ilitakiwa imalizike kwa dakika chache kabla ya mgeni rasmi kuhutubia, na katika dakika chache mvumo hauwahi kujijenga. Mtoto mashuhuri zaidi wa muziki kutoka mwambao huu, marehemu Kapteni John Komba wa Lituhi, aliyeliongoza kundi la Tanzania One Theatre na kuwa mbunge wa Mbinga Magharibi hadi alipofariki mwaka 2015, alishika njia ya kwaya na maneno ya siasa, yaani njia iliyo kinyume kabisa na ile ya kibuyu kisicho na neno. Cheo chake kilikuwa cha jeshi la kweli, JWTZ, si cha ngoma, ingawa katika vijiji alikokulia kapteni wa Mganda alikuwa mtu wa kuheshimika muda mrefu kabla ya kuwapo kwa jeshi hilo.

Leo lami inafika Mbamba Bay, na safari ambayo zamani ilitegemea MV Songea, MV Iringa au gari la mizigo la kubahatisha hukamilika kwa saa chache. Vipaza sauti vimeingia harusini, na muziki wa Bongo Fleva unasikika kutoka kila kibanda cha ufukweni. Mganda bado huchezwa, na sehemu kubwa ya kile kinachojulikana juu yake nje ya Ruvuma sasa inatokana na video fupi zilizopigwa kwa simu. Video hizo zina kasoro moja kubwa: maikrofoni ndogo ya simu hukata sauti za chini, ngoma kubwa ikasikika kama kubisha hodi, na mvumo wa vibuyu ukabaki mwembamba kama wa nyuki, kwa hiyo anayeujua Mganda kwa njia ya simu hajausikia. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, ina mafundi wa sauti, na Makumbusho ya Majimaji ya Songea yako umbali wa saa kadhaa kwa gari kutoka Liuli. Taasisi hizo zirekodi timu za mwambao kwa vifaa vinavyostahili, kwa urefu wake wote na wakati wa msimu wa kualikana, na ziandike kutoka kwa wazee jinsi kibuyu kinavyochaguliwa, kinavyounganishwa kwa nta na kinavyowekewa utando, kabla utando wa nailoni haujachukua kabisa kazi ya ule wa buibui.